Nyanya za Daraja la Tatu

Huku Uingereza ninakoishi, hata nyanya za kopo zina ukoo. Sisemi aina za mbegu. Nasema nyanya zilizomenywa, zikakatwakatwa, zikatiwa kwenye kopo la ukubwa ule ule la gramu 400, likabandikwa jina la duka lile lile. Ukifika kwenye rafu unakuta zimegawanywa madaraja matatu, na bei ya daraja la juu yaweza kuwa mara tatu ya bei ya chini. Sijui nani aliyewatuma wenye duka. Nilikuja huku nikijua kwamba Waingereza wana matabaka ya watu, na hilo nilijiandaa nalo. Matabaka ya nyanya sikuambiwa ubalozini.

Daraja la tatu liko chini karibu na sakafu, pale ambapo mtu mwenye goti kama langu hafiki bila kumtaja Mola wake. Kopo lake limevaa karatasi nyeupe iliyoandikwa kwa mkato: nyanya, juisi ya nyanya, basi. Daraja la pili liko usawa wa kiuno, lina picha ya nyanya zenye umande na jani la kijani, kwa ajili ya mtu wa kawaida asiyetaka makuu. Daraja la kwanza liko usawa wa macho, na hilo ndilo lenye maneno. Kopo jeusi, herufi za rangi ya fedha, na maelezo marefu: nyanya ndogo tamu, zimeachwa ziive taratibu chini ya jua la kusini mwa Italia, zikateuliwa kwa uangalifu, zikalazwa kwenye juisi yake nzito. Ukimaliza kusoma unajiona kama umeletewa barua ya posa. Mwalimu wangu wa Kiswahili kule Tanga angefuta nusu ya sifa zile kwa wino mwekundu, lakini yeye hakuwa na habari kwamba kuna mahali sifa huuzwa moja moja.

Serikali imejaribu kutusaidia. Sheria inataka kibandiko cha bei kwenye rafu kionyeshe pia bei kwa kipimo, ili mja alinganishe mwenyewe. Basi unachutama, unatoa miwani, unasoma: hili ni peni kadhaa kwa gramu 100, lile ni pauni kadhaa kwa kilo, na lile la makopo manne yaliyofungwa pamoja limepigiwa hesabu ya kopo moja moja. Mwaka 2023 mamlaka ya ushindani ya huku ilitoa ripoti ikasema vipimo hivi vinawachanganya wateja. Taarifa hiyo mimi ningewapa bure, tena nikiwa nimechutama pale pale.

Duka kubandika jina lake kwenye bidhaa si jambo la jana. Tesco yenyewe jina lake lilizaliwa kwenye pakiti ya chai. Jack Cohen, aliyeanza na kigenge cha sokoni mashariki mwa London mwaka 1919, mwaka 1924 alinunua shehena ya chai kwa mfanyabiashara aitwaye T. E. Stockwell. Akachukua herufi tatu za yule bwana, akaongeza mbili za jina lake mwenyewe, akabandika. Ilikuwa chai moja tu. Hakuna aliyemuuliza mteja kama yeye ni mtu wa Tesco ya juu au Tesco ya chini.

Mwaka 1976 Carrefour ya Ufaransa, hiyo hiyo ambayo ndugu zetu wa Nairobi wanayo tangu 2016, ilitoa bidhaa 50 zenye makasha meupe yasiyo na jina, kwa bei ndogo. Kule Kanada, Loblaws wakaja na yao mwaka 1978, makasha ya njano yenye maandishi meusi, na chapa wakaiita No Name. Wamekaa kikao, wamekunywa kahawa ya kampuni, wakaamua kwamba jina lake ni kutokuwa na jina. Mimi hao nawaheshimu. Bidhaa ilikuwa inakwambia ukweli wake: sina sura, sina asili, nipe senti zako twende.

Waingereza wao wakajenga ngazi. Aldi ya Ujerumani ilifungua duka lake la kwanza huku mwaka 1990, ikauza vitu kwa bei iliyowatoa wakubwa jasho. Mwaka 1993 Tesco wakatoa Tesco Value, yenye mistari ya buluu na nyeupe. Miaka mitano baadaye wakaongeza ghorofa ya juu, Tesco Finest. Sainsbury's wakaleta Taste the Difference mwaka 2000, na huko chini wakawa na Basics. Waitrose, duka la wenye nafasi zao, halikutaka kuonekana lina ghorofa ya chini. Mwaka 2009 likaanzisha chapa iitwayo Essential, kwa maana ya vitu vya lazima nyumbani, kisha humo ndani likatia mioyo ya atichoki. Atichoki ni ua la mmea wa miiba ambalo wenye pesa hulichemsha wakalila. Nimeishi umri wote huu bila lazima hiyo, na namshukuru Mungu afya ninayo.

Sasa hoja yangu ni hii. Kwa nini kopo la daraja la tatu lazima liwe na sura mbaya? Wino si ghali. Duka lililoweza kumlipa mchoraji wa lile kopo jeusi limeshindwaje kumwambia, bwana, ukimaliza hapo tuchoree na nyanya mbili kwenye hili jeupe?

Jibu nililipata kwa mhandisi Mfaransa aliyekufa zamani kabla ya supamaketi yoyote kuwapo duniani. Jules Dupuit aliandika mwaka 1849 kuhusu reli. Enzi zile mabehewa ya daraja la tatu yalikuwa wazi juu, na ndani mabenchi ya mbao matupu, na watu wakidhani kampuni za reli zina ubahili wa kunyima maskini paa. Dupuit akasema gharama ya paa si kitu. Paa linaondolewa ili yule mwenye uwezo wa kulipia daraja la pili asije akashawishika kupanda la tatu. Abiria maskini ananyeshewa, na hakuna anayemchukia; inatakiwa tu mwenye nauli nzuri amwone akinyeshewa. Kwa hesabu hiyo hiyo, daraja la kwanza linajazwa anasa kupita mahitaji ya binadamu.

Nilipoyasoma hayo nikaenda tena kuitazama ile karatasi nyeupe. Behewa lisilo na paa, hilo hapo. Ubaya wake haukukusudiwa kwa anayelinunua kopo lile, maana huyo atalinunua hata likiwa na picha ya fuvu. Umekusudiwa kwangu mimi ninayepita, dereva wa basi, mwenye mshahara unaoruhusu kuongeza peni 40 nikajisitiri. Najua hila yao, najua jina la aliyeieleza na mwaka alioandika, na bado mkono wangu unapanda wenyewe hadi rafu ya katikati. Hicho ndicho kinachoniudhi.

Na uwanja wa fedheha yenyewe ni mkanda wa kulipia. Kwetu ukinunua kitu dukani, muuzaji anakifunga, unaondoka nacho, siri yako na yake. Huku vitu vyako unavitandaza kwenye mkanda wa mpira, vinatembea polepole mbele za watu, na aliye nyuma yako, kwa kuwa hana la kufanya, anavisoma. Ile mistari ya buluu na nyeupe enzi zake ilisomeka kutoka upande wa pili wa duka. Nawajua watu wazima, wenye ndevu zao, waliokuwa wakipanga mkanda kwa ufundi: brokoli mbele, samaki juu, mkate wa mbegumbegu ubavuni, na katikati, chini ya gazeti, sukari ya mistari. Ole wako ugeuke ukute aliyesimama nyuma yako ni katibu wa jumuiya yetu ya Waswahili hapa mjini, mama ambaye habari kwake hailali. Hapo unakumbuka ghafla kwamba umesahau maziwa, unauacha mkanda, unakwenda kusimama kwenye friji mpaka hatari ipite.

Zilipoletwa mashine za kujilipia nikasema alhamdulillahi, tumepata faragha. Kumbe nazo zina mdomo. Kopo likikaa vibaya, mashine inatangaza kwa sauti ya bibi mwenye malezi mema kwamba kuna kitu isichokitarajia. Taa inawaka juu ya kichwa chako. Kijana wa duka anakuja, anatoa vitu kwenye mfuko wako kimoja kimoja, anavitazama, anakutazama, anavirudisha.

Maduka yenyewe yakaanza kuona haya. Mwaka 2012 Tesco wakaivua Value mistari yake, wakaiita Everyday Value. Mwaka 2016 wakaingia kwenye kilimo: kuku wa Willow Farms, matunda ya Rosedene Farms, nyama ya ng'ombe ya Boswell Farms. Majina matamu, ukiyatamka unasikia jogoo akiwika. Ila ukiuliza njia ya kwenda huko shambani hupewi, maana mengi ya majina hayo yalitungwa ofisini, na baadhi ya mazao yenyewe yalitoka nje ya nchi. Chama cha wakulima kikapeleka malalamiko rasmi. Mwaka 2018 vitu vya bei ya chini vikagawiwa majina ya watu na viwanda ambavyo hujawahi kuvisikia, na moja ya majina hayo likawa Stockwell & Co. Ndiyo, yule yule bwana wa chai wa 1924. Mzee wa watu alitoa herufi tatu za mwanzo za jina la duka zima. Karibu miaka mia imepita ndipo wakamkumbuka, wakampeleka rafu ya chini akauze maharage.

Asda wao hawakujificha. Mwaka 2022, bei za vyakula zilipokuwa zinapanda hadi watu wakahesabu vijiko vya sukari, walitoa Just Essentials kwa rangi ya njano inayoonekana tangu kituo cha basi. Ziligombaniwa hivi kwamba wakaweka kikomo, mteja asichukue zaidi ya tatu za kila bidhaa. Kufikia Machi 2023 vyakula vilikuwa vimepanda kwa zaidi ya asilimia 19 katika mwaka mmoja. Siku hizo ndipo nilipomwona katibu wa jumuiya uso kwa uso, kikapu chake njano tupu, shingo ameinyoosha. Changu nacho kilikuwa njano. Tukasalimiana kwa heshima zote, tukaulizana habari za watoto, wala hakuna aliyeteremsha macho chini ya kidevu cha mwenzake.

Katika hali hiyo ndipo alipotujia mama mkwe.

Mama ni mtu wa Tanga. Aliuza nyanya sokoni Mgandini tangu mke wangu hajazaliwa, zile nyanya za Lushoto zinazoteremshwa na malori alfajiri. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama mkwe hapewi jembe, kwa hiyo nikampa toroli alisukume. Nilikuwa nimeapa kwamba mbele yake sitagusa kitu cha rafu ya chini. Mwanamume anayemlisha binti yako hapaswi kuonekana amechutama.

Tulipofika kwenye makopo akasimamisha toroli. Akatazama juu, akatazama kati, akatazama chini. Hakuuliza maandishi yanasemaje.

"Baba Salma, hizi nyanya ni za mtu mmoja?"

"Za mtu mmoja, mama."

"Basi kapanga mafungu."

Akainama, goti lake halikulalamika hata kidogo, akaokota kopo jeupe akalitikisa sikioni. Akachukua na lile jeusi akalitikisa. "Hili la chini lina maji," akasema.

Nikasoma herufi ndogo. Sheria inawalazimisha waandike asilimia ya nyanya, na kweli kopo la chini lilikuwa na nyanya pungufu kidogo. Upungufu wenyewe wa kijiko. Nikaona hapa nijikomboe kwa elimu. Nikamweleza habari za karatasi nyeupe na karatasi nyeusi, nikamweleza Mfaransa na mabehewa yake, nikamweleza kwamba tunacholipia ni mchoro na maneno. Nikamalizia, kwa sauti ya mtu aliyesoma: "Mama, ndani ni kitu kile kile."

Akanitazama kwa huruma ambayo mtu humpa mteja. "Fungu la mia mbili na fungu la mia tano si kitu kimoja, mwanangu. Ila hilo la mia tano, zile za chini kabisa, ndimo tunamofichia zilizobonyea." Akacheka peke yake, akakumbuka labda mteja fulani. Halafu akachukua makopo ya katikati, kwa maelezo kwamba mwizi wa katikati huiba kwa kiasi.

Kwenye friji za nyama nikamsimulia mkasa wa 2013, ambao huku haujasahaulika. Mwezi wa Januari mamlaka ya usalama wa chakula ya Ireland ilipima baga za ng'ombe zilizogandishwa, na moja ya Tesco Everyday Value ikakutwa na nyama ya farasi asilimia 29. Nchi ikachafuka. Wengi wakasema ndiyo hayo, ukinunua rahisi utakula hata hatamu. Mwezi uliofuata ikapimwa lasanya ya Findus, chapa yenye jina lake na matangazo yake, si ya rafu ya chini. Baadhi ikakutwa ni farasi hadi asilimia 100.

Mama akasikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo," akasema, "mwenye pesa ndiye aliyepata farasi kamili."

Sisi nyama tunanunua kwa mchinjaji wa halali mtaa wa pili. Pale daraja ni moja, na kidole cha muuzaji kwenye mizani nacho ni kimoja.

Chai ndiyo iliyomtibua. Kenya inauza nje chai nyeusi nyingi kuliko nchi nyingine yoyote, na kwenye mnada wa Mombasa hupita pia chai ya Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi. Sehemu kubwa ya kile Waingereza wanachokiita chai yao ni majani ya kwetu. Kwa hiyo tulikuwa tumesimama mbele ya rafu ambapo watu wa Kericho wametenganishwa na watu wa Kericho, hawa chini kwa bei ya mkate nusu, hawa juu ndani ya boksi lenye mchoro wa tembo. Mama akanusa boksi la chini kupitia karatasi. "Vumbi." Akanusa la juu, akalitingisha, akaona kwenye picha kwamba kila kijifuko kina uzi. "Hili vumbi lililofungwa kamba." Na hakukosea, maana mnadani kuna daraja ambalo jina lake ni vumbi hasa, na majani ya namna hiyo, yaliyosagika, ndiyo yanayojazwa kwenye vijifuko. Nyumbani alikuwa ameshajiwekea majani yake aliyokuja nayo kwenye sanduku, na iliki ndani ya kitambaa. Chai yetu hakuionja mpaka anaondoka.

Halafu ikaja habari ya Panadol. Jioni moja baridi ilimpanda kichwani. Nikamletea vidonge vya duka, pakiti ya 16, chini ya nusu pauni, kila kidonge parasetamo miligramu 500, kiasi kile kile kilichoandikwa kwenye Panadol inayouzwa kwa bei ya kuudhi. Hapa hakuna maji ya ziada wala kijiko cha upungufu. Pakiti ina namba yake ya leseni kwa kila anayetaka kuhakiki. Kama kuna mahali hoja yangu inasimama bila fimbo, ni hapa.

Akakigeuza kidonge kiganjani. "Hiki cha nani?"

"Cha duka, mama. Ndani ni kitu kile kile."

Akakiweka mezani. Akaketi na maumivu yake, kitambaa kichwani, akisoma dua kwa sauti ya kutosha kunifikia jikoni, hadi mke wangu aliporudi na Panadol yenye jina la Panadol. Akanywa. Maji hayajapita kooni akasema alhamdulillahi, kimetulia. Mke wangu akanitazama kama niliyemtesa mzazi wake kwa peni sitini.

Nilidhani basi huyu mama ni mtu wa chapa, hadi siku za kurudi zilipokaribia na orodha ya zawadi ikatolewa. Hapo nikamwona kazini. Alilipita duka zima kwa saa moja na hakuuliza bei hata mara moja. Alikuwa anauliza madaraja. Wifi zake wawili na mwenyekiti wa upatu: biskuti za boksi jeusi, zenye maelezo ya siagi. Majirani wa ukuta mmoja: za katikati. Kisha akachutama, mama yule yule, akaanza kuzoa rafu ya chini hadi toroli likalia magurudumu. "Hizi za wale wanaokuja kusalimia wakisikia mtu katoka Ulaya." Nikamuuliza kama hawataona tofauti. Akasema wakifika atakuwa ameshazihamishia kwenye sahani.

Na parasetamo je? Vidonge vile vile alivyovikataa na kichwa kinamuuma, alivitaka pakiti ishirini, vya duka, vya bei ya chini, kwa ajili ya ukoo. Nikamweleza kwamba tangu 1998 sheria ya huku imepunguza ukubwa wa pakiti zinazouzwa madukani, na kwa mteja mmoja duka halitoi zaidi ya mbili, ili watu wasijidhuru. Akaona nambania. Akazipeleka mwenyewe kwenye mashine. Pakiti ya tatu ilipopita taa ikawaka, kijana akaja, mama akamweleza kwa Kiswahili cha Tanga, taratibu, jina kwa jina, ni akina nani wanaoumwa vichwa na tangu lini. Kijana akasikiliza kwa adabu zote, akaacha mbili. Tulipotoka nje mama akazitazama zile mbili, akazitoa kwenye mfuko wa wasalimiaji, akazitia kwenye mfuko wa mwenyekiti wa upatu.

Akaondoka salama. Nyumba ikawa kimya, na sisi tukabaki na korosho alizotuletea alipokuja, mfuko wa kilo nzima, zimekaangwa kwa chumvi. Tulizila kwa shukrani. Zilikuwa vipande vipande, na mimi niliwalaani wapakuzi wa mizigo wa viwanja vya ndege viwili.

Mpaka shemeji wa London alipopiga simu. Kaka wa mke wangu, mtoto wa kwanza wa mama, ana nyumba yenye chumba cha wageni na choo chake. Akazungumza ya ligi, akazungumza ya hali ya hewa, akasema, lakini zile korosho za mama, shemeji, umeziona? Nzima, kubwa, nyeupe, hata moja haikuvunjika.

Nikakaa na simu mkononi. Mama yule yule, ndege ile ile, sanduku moja. Na korosho, kama mfanyabiashara yeyote wa mwambao ajuavyo, zina madaraja yake: nzima hupangwa kwa ukubwa, zilizovunjika huuzwa kando kwa bei ya chini. Nikamuuliza mke wangu. Akawa na vyombo vingi sana vya kuosha.

Nikampigia mama. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, habari za huko, wifi hawajambo, upatu umekwendaje, mvua mmepata. Nikazunguka kama adabu inavyotaka kwa mkwe, nikapita kwa jirani, nikapita kwa mbuzi wa jirani, ndipo nikafika kwenye korosho, nikauliza tu, kwa kutaka kujua, kama labda mifuko ilichanganyika.

Mama hakuzunguka.

"Baba Salma," akasema, "si wewe mwenyewe uliyenifundisha? Ndani ni kitu kile kile."